TAHADHARI: Magari yanayopakwa rangi yadini na kuuzwa kama "rangi ya kiwandani"

Kama unatafuta gari wakati huu, iwe Dar, Arusha, Mwanza au Mombasa, soma hadi mwisho kabla hujatoa hata kishika uchumba.

Mchezo wenyewe uko hivi. Gari la mkononi linashuka melini kutoka Japani likiwa na madigadi yaliyobonyea, klia (tabaka angavu la juu ya rangi) imebabuka juu ya boneti, au kutu imeanza kula milango kwa chini. Badala ya kuliuza kwa bei ya hali yake, muuzaji analipeleka kwa fundi rangi wa haraka. Siku mbili tatu linarudi yadini linawaka. Mnunuzi akiuliza anajibiwa, "Hili halijaguswa, hiyo ni rangi ya kiwandani," naye analipa bei ya gari ambalo halijaguswa. Miezi miwili mitatu mbele, masika yakishapita na jua likarudi, rangi inaota malengelenge, kingo za puti (ujazo wa kusawazisha bati) zinajichora kama ramani na klia inabanduka vipande vipande. Akirudi kulalamika, majibu yako tayari: jua la pwani, umeosha kwa sabuni ya unga, uliegesha chini ya mwembe. Kisha anaelekezwa kwa fundi "wetu wa hapo nyuma", ambaye mara nyingi ndiye yule yule aliyelipaka mwanzo, na analipa mara ya pili.

Kupaka gari rangi upya si kosa. Paneli iliyopakwa vizuri inadumu miaka, na bampa la plastiki kupakwa upya ni jambo la kawaida kabisa. Kosa ni kuficha, na kosa kubwa zaidi ni kuficha kwa kazi mbovu.

Kwa nini rangi ya haraka haidumu

Kiwandani, bodi tupu huzamishwa kwanza kwenye dimbwi la rangi inayoshikizwa kwa umeme, ikaingia hadi ndani ya milango na kwenye mikunjo ya bati. Juu yake huja praima (rangi ya msingi), kisha rangi yenyewe, kisha klia, na tabaka hizo huokwa kwenye joto la juu la nyuzi zaidi ya 100. Zote kwa pamoja unene wake ni takriban maikroni 80 hadi 150, yaani kama nywele mbili zikibebana. Lile tabaka la chini kabisa hakuna gereji inayoweza kulirudisha. Fundi akilikwangua hadi bati, usalama wote wa paneli ile unabaki kwenye praima atakayoweka yeye.

Kwenye kazi za haraka, kinachoua zaidi ni puti. Puti ya bodi ina unga mwingi ndani yake na inanyonya maji kama mkate mkavu. Fundi anayekwepa vumbi anaipiga msasa wa maji, tena mara nyingi maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi. Saa hiyo hiyo anafunika kwa praima, jioni rangi, kesho klia. Maji na chumvi vimefungiwa humo. Jua la saa nane likichemsha boneti, mvuke unatafuta pa kutokea. Usiku chumvi inavuta unyevu mwingine kutoka nje kupitia kwenye rangi. Ndipo unaona vipele vidogo vilivyosongamana mahali pamoja, kama upele wa joto mgongoni mwa mtoto. Kitumbue kimoja kwa ukucha: kikitoa unyevu au doa la kutu, ujue tatizo liko chini kwenye puti au bati, na hakuna polishi duniani itakayoliondoa.

Puti hupigwa msasa mkavu: namba 80, halafu 180, umalizie na 320. Msasa wa maji, namba 500 hadi 800, ni wa juu ya praima iliyokwisha kukauka, na baada ya hapo paneli inakaushwa kabisa kabla ya rangi. Puti yenyewe isizidi milimita 2 au 3. Kibonyeo kirefu kinanyooshwa kwanza. Puti nene iliyojazwa mahali pa kunyoosha inapasuka gari likianza kupita kwenye matuta, maana bati linacheza na puti haichezi.

La pili ni hadina, dawa ya kukomaza rangi. Rangi ya 2K, yaani ya sehemu mbili, na klia yake hukomaa kwa kuchanganywa na hadina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Klia nyingi ni sehemu 2 za klia kwa 1 ya hadina. Hadina ni ghali, kwa hiyo fundi wa bei ya kutupa anaipunguza na kuongeza thina, au anatumia rangi ya zamani ya selulosi isiyohitaji hadina kabisa. Rangi hiyo inang'aa siku ya kwanza lakini haikomai. Angalia kwenye mfuniko wa tangi la mafuta: petroli ikidondoka na kuacha doa laini linalonata, umepata jibu.

La tatu ni pupa kati ya mkono na mkono, yaani kati ya tabaka moja la rangi na lingine. Kila tabaka linahitaji kama dakika 10 hadi 15 thina iondoke kabla ya lingine kuja. Likifunikwa mapema, thina inatoboa njia na kuacha vitundu kama vya sindano. Vishimo vya mviringo kama macho vinatokana na mafuta au silikoni ya polishi ya zamani ambayo haikusafishwa. Kompresa isiyomwagwa maji ya tangi nayo inatema matone pamoja na rangi.

Kwenye magari meupe ya Toyota uwe makini zaidi. Tafuta kibandiko cha namba ya rangi, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, panapoandikwa C/TR. 040 ni nyeupe ya kawaida. 070 ni nyeupe ya lulu, nayo ina hatua tatu: nyeupe ya chini, lulu ya katikati, kisha klia. Fundi wa haraka anaruka lulu. Kwa mbali huoni kitu. Sogea jua la asubuhi, simama usawa wa taa ya mbele, tazama ubavu wote kwa pembe: mlango uliopakwa unabaki mweupe kama chaki wakati wenzake wanametameta. Ila tuwe wakweli, si kila klia au rangi inayobanduka ni ujanja wa muuzaji. Rangi hizi mbili, 040 na 070, kwenye baadhi ya modeli zilikuwa na udhaifu wa kiwandani wa kubanduka kwa sababu ya jua, na Toyota ilitangaza Marekani mpango wa kuzipaka upya. Mpango huo haumfuati mnunuzi wa gari la mkononi wa huku, kwa hiyo ukiona dalili zake, punguza bei au acha gari.

Namna ya kulikagua

Nenda asubuhi au saa kumi jioni, jua likiwa la pembeni, na gari liwe kavu. Ukipiga simu kwamba unakuja halafu ukakuta limetoka kumwagiwa maji, subiri likauke. Maji yanaficha mikwaruzo, mawimbi na rangi iliyofifia. Usikague chini ya turubai la kijani wala chini ya taa.

Anza na boliti. Fungua boneti utazame vichwa vya boliti zinazoshika madigadi na bawaba. Vya kiwandani vimefunikwa rangi sawasawa hadi kwenye pembe. Pembe zikiwa zimechubuka na chuma kinaonekana, spana imeshapita hapo; paneli ilifunguliwa. Kisha raba za milango na za vioo: ingiza ukucha, ikunje kidogo, utazame chini yake. Ukikuta mstari mgumu wa rangi, kama ukingo wa gundi ya karatasi, hapo ndipo ilipoishia karatasi ya kuzibia. Vumbi la rangi kwenye raba nyeusi, ndani ya tairi au kwenye bomba la moshi linasema hivyo hivyo. Pitisha kiganja polepole: rangi ya kiwandani ina vipele vidogo vinavyofanana gari zima. Mlango mmoja ukiwa laini kama kioo na wa pili una ngozi ya chungwa, mmoja wapo si wa asili.

Kipima unene wa rangi kinafaa sana, na kama huna, mtafute fundi mwenye nacho. Chagua kinachosoma chuma na alumini, kwani baadhi ya boneti ni za alumini na kipimo cha chuma peke yake hakitasoma kitu. Pima kwanza nguzo na paa, upate kipimo cha gari lenyewe, kisha kila paneli mahali patano: pembe nne na katikati. Ikiwa maikroni 80 hadi 150, ni ya kiwandani au karibu na hapo. 180 hadi 300, imepakwa juu ya rangi ya zamani. Zaidi ya 400, ama imepakwa mara nyingi ama kuna puti. Ikifika 1000, hiyo ni milimita nzima, na hapo ulizia ajali. Wengi wanaogopa namba kubwa tu na kusahau ndogo. Ukisoma chini ya 70 kwenye boneti la nje, yawezekana klia imeliwa na mashine ya polishi ili gari ling'ae siku ya kuuza. Klia hiyo haitadumu juani. Ndani ya fremu za milango vipimo vya chini ni kawaida.

Bila kipima, tumia sumaku ya friji iliyofungwa kwenye kitambaa laini. Juu ya puti nene inateleza na kuanguka. Pengine zaidi ya yote, omba ruhusa ya kusugua kwa kitambaa cheupe chenye thina kidogo, sekunde 10 tu, kwenye ukingo wa chini wa mlango usioonekana. Rangi ya kiwandani na 2K iliyokomaa hazitoki. Ikitoka kwenye kitambaa, ni selulosi au hadina ilibanwa. Muuzaji anayesema ni ya kiwandani hana sababu ya kukataa jaribio hilo.

Usidanganyike kinyume chake pia. Gari jipya kutoka melini linaweza kuwa na vidoti vya kahawia, vidogo kama punje za mtama. Hivyo ni vumbi la chuma lililotua na kushika kutu juu ya klia. Vinaondoka kwa dawa ya kuyeyusha chuma na udongo maalumu wa kusafishia rangi. Fundi anayekwambia gari zima linahitaji kupakwa kwa sababu ya vidoti hivyo anakutafutia pesa.

Karatasi ya mnada

Karatasi ya mnada ni ripoti ya hali ya gari inayoandikwa mnadani Japani. Picha yake inayotumwa WhatsApp si ushahidi. Inahaririwa, au ni ya gari jingine. Linganisha namba ya chesisi yote, tarakimu kwa tarakimu, kisha lipia nakala yako mwenyewe kwa huduma za kuhakiki zinazotafuta kwa namba ya chesisi. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U kibonyeo, W mawimbi ya paneli iliyonyooshwa au kupakwa, S kutu, C kutu iliyokula bati, XX paneli iliyobadilishwa. Namba ya pembeni inaonyesha ukubwa, 1 ikiwa ndogo. Daraja la R au RA maana yake gari lilishatengenezwa baada ya ajali. Karatasi ikionyesha A3 na U2 kwenye mlango na yadini mlango ni safi kama yai, uliza nani ameusafisha, na wapi.

Kabla ya kulipa, na ukiwa umeshalipa

Kwenye mkataba wa mauziano iandikwe: "Muuzaji anathibitisha kuwa paneli zote za gari hili, chesisi namba fulani, zina rangi ya kiwandani, isipokuwa hizi," kisha zitajwe. Sentensi hiyo ina uzito. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214 Tanzania na Sura ya 31 Kenya, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili, lakini ukishaikagua mwenyewe, sheria haikulindi tena dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha. Tamko la maandishi linaziba pengo hilo. Muuzaji akikataa kuandika alichokitamka kwa mdomo, ondoka.

Kama gari liko kwako na malengelenge yameanza, usilipige polishi wala usilipeleke kwa fundi yeyote kwanza. Piga picha kwa mbali na kwa karibu, weka rula au sarafu kuonyesha ukubwa, pima maikroni kila paneli na uandike. Peleka malalamiko kwa barua, ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Ujumbe wa simu uwe nyongeza. Tanzania, udanganyifu kwa mlaji unapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012.

Ukifika mahali pa kupaka upya, paneli yenye malengelenge ikwanguliwe hadi bati. Kupaka juu yake ni kuyafunika tu. Mwandikie fundi kwenye risiti: puti msasa mkavu, praima yenye hadina juu ya bati, klia ya 2K mikono miwili, kopo la hadina ulione likifunguliwa. Baada ya hapo gari lisiguswe na waksi kwa siku 30 angalau, na wiki ya kwanza lioshwe kwa maji matupu, kivulini.