TAHADHARI KWA WENYE MALORI NA MITAMBO: KISANDUKU CHA "KUDHIBITI FENI" KINAUA INJINI

Ndugu zangu wenye malori, tipa, mabasi, greda na vijiko, na ninyi madereva na mafundi mnaoshinda na vyombo hivi: kuna mtu anauza kisanduku kidogo cha bluu anachokiita kidhibiti cha feni. Akikufuata, usinunue. Kama umeshanunua, kitoe leo kabla gari halijapakia mzigo mwingine. Mimi nilikifunga kwenye tipa yangu, gasketi ya hedi (kile kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini) ikaungua na hedi yenyewe ikapinda.

Naandika kwa urefu kwa sababu mtu huyu hadanganyi ovyo. Nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyonimaliza.

Alinipata kwa simu, akatuma video ya lori likipanda mlima na feni yake imetulia. Akaanza kunieleza jinsi feni ya injini kubwa, ile inayovuta upepo wa kupoza rejeta, inavyokula nguvu. Hapo hakukosea. Feni ya lori kubwa ikizunguka kwa kasi yake yote inaweza kumeza zaidi ya kilowati 20, yaani zaidi ya nguvu za farasi 25 ambazo hazifiki kwenye tairi. Tena mzigo wake haupandi sawasawa na kasi: ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, nguvu inayoliwa inashuka hadi kama moja ya nane. Ndiyo maana watengenezaji wameweka klachi ya feni, ili feni ifungwe na injini pale tu joto linapohitaji kuondolewa, na iachwe ijizungukie polepole muda mwingine. Kila anayelipia dizeli analijua hilo, au analihisi. Kwa hiyo aliposema kisanduku chake "kinajifunza" injini na kuamua vizuri zaidi lini feni iingie, sikuona ajabu.

Alikuja kufunga mwenyewe, asubuhi na mapema, akasisitiza injini iwe ya baridi. Nilidhani anaogopa kuungua mikono. Akakata waya mmoja unaotoka kwenye sensa ya joto la maji, akaunga kisanduku katikati, kisha akachukua umeme, chanya na hasi, kutoka kwenye betri. Kitaa cha kijani kikawaka. Akanionyesha dashibodi: mshale wa joto ulikuwa pale pale ulipokuwa kabla ya kukata waya. "Umeona kaka, sijagusa chochote cha kampuni, nimeongeza akili tu." Akabandika stika juu ya kifuniko: ukifungua, garantii imekufa. Akasema nisubiri wiki mbili kijifunze.

Na kweli gari lilibadilika. Jioni ya siku ya pili dereva wangu alinipigia kwa furaha: "Bosi, ule mlima wa machimbo nilikuwa napanda na gia ya tatu, leo nimepanda na ya nne. Na ile kelele ya feni sijaisikia kabisa." Tukampongeza muuzaji. Mimi mwenyewe niliwapa wenzangu wawili namba yake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hedi.

Wiki ya tatu dereva akaanza kuongeza maji kila asubuhi, kidogo kidogo, lita moja, siku nyingine mbili. Hakuona yanapovujia. Mshale haukuwahi kuvuka katikati, kwa hiyo hakuna aliyewaza joto. Kisha siku moja akiwa amejaza kokoto, juu ya mlima ule ule, injini ikaanza kutetemeka na moshi mweupe ukajaa nyuma. Alisimama, akatazama dashibodi: nyuzi 88. Alinipigia simu ya video akanionyesha mshale huo, huku sauti ya maji yanayochemka ikisikika. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Kompyuta ya injini haikupunguza nguvu. Kwa mujibu wa gari, kila kitu kilikuwa salama.

Nilipompigia muuzaji alijibu haraka sana, kama aliyezoea swali lile. Akasema rejeta yangu imeziba, nibadilishe, na kwamba bila kisanduku chake injini ingekufa mapema zaidi. Mafundi wakafungua, wakapeleka hedi kwa wachongaji, wakaweka gasketi mpya, rejeta ikasafishwa. Kisanduku tukakiacha mahali pake. Ningeiua injini mara ya pili kama si mzee mmoja fundi umeme aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, taa za nyuma.

Gari lilikuwa linanguruma pale uani, na mzee akasema harufu ya injini hii si ya nyuzi 88. Akachukua tepu nyeusi ya umeme, akabandika kipande kwenye nyumba ya termostati, ile valvu inayofungulia maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata moto (chuma kinachong'aa hukidanganya kipimajoto cha kulenga, akanifundisha), akalenga. Ikasoma 106. Tukaangalia dashibodi: 88. Akarudia, akapata 106 tena. Akafuata waya wa sensa kwa kidole mpaka akakifikia kisanduku, akaniuliza, "Hiki nani kakuwekea?"

Tulikipasua kwa kisu. Ndani kulikuwa na gundi nyeusi ngumu, tukaichokonoa vipande vipande. Waya mwekundu na mweusi, zile za betri, zilikuwa zinawasha kile kitaa cha kijani tu, hazikuunganishwa na kitu kingine. Waya wa njano na wa kijani, zile zilizoungwa kwenye sensa, zilikuwa zimeshika ncha mbili za rezista moja, kale kapande kadogo kanakoukinza umeme. Moja tu. Mistari yake: kahawia, nyeusi, kahawia, dhahabu. Hiyo ni ohm 100 (ohm ndiyo kipimo cha ukinzani). Hakuna chipu, hakuna saketi, hakuna kitu cha kujifunza chochote.

Naomba mtu yeyote mwenye gari lenye kompyuta aelewe rezista hiyo inafanya nini, kwa sababu ukilielewa hili hakuna atakayekuuzia tena kwa jina lingine. Sensa ya joto la maji ni kipande ambacho ukinzani wake hushuka joto likipanda. Sensa ya aina iliyo kwenye gari langu, ambayo ni ya kawaida sana, ina ohm kama 2,500 kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 100 inabaki na kama 190. Kompyuta haioni joto, inaona ohm, kisha inatafsiri. Sasa ongeza 100 katikati. Injini ikiwa ya baridi, 2,500 inakuwa 2,600, tofauti ya nyuzi moja hivi, mshale hautikisiki. Ndiyo sababu alitaka injini ya baridi. Lakini kwenye nyuzi 106, sensa ina ohm kama 160, na ukijumlisha 100 zinakuwa 260, na 260 kwa kompyuta ni nyuzi 88. Yaani uongo unakua kadiri hatari inavyokua. Jaribio lolote utakalofanya asubuhi litampa haki yeye.

Kwenye gari langu kompyuta huita feni ikiona 96 hivi. Kwa rezista ile, ili ione 96 maji yalipaswa kufika karibu 120. Kifuniko cha rejeta cha bar 1 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu kutoka 100 hadi 120 hivi. Kwa hiyo feni ingeitwa wakati maji yanageuka mvuke, na ile taa nyekundu ya kuzima injini isingewaka kamwe. Kelele ya feni ambayo dereva wangu alifurahi kutoisikia, na ile gia ya nne mlimani, vyote vilitoka hapo: tulikuwa tumeizima feni mahali pekee inapohitajika, kwenye mlima na mzigo.

Kuna mafundi watakaosema wangeona kwenye mashine ya kupima. Hapana, na mimi nilipimiwa. Kompyuta huandika kosa pale inapoamuru feni izunguke na sensa ya kasi ya feni ikasema haizunguki. Hapa haikuwahi kuamuru. Mashine ilisoma safi, hakuna kosa hata moja. Ukipima gari lenye kisanduku hiki, msitazame makosa, linganisheni namba ya joto la maji kwenye mashine na joto la chuma chenyewe injini ikiwa imefanya kazi nusu saa. Termostati yenyewe ni shahidi mzuri: nyingi za malori huanza kufunguka kwenye 82 hadi 88, basi kama mpira wa juu wa rejeta umeshapata moto haushikiki na dashibodi bado inasema 70, kuna mtu kaingilia waya.

Wenzangu wenye vijiko na greda, anawafuata ninyi pia. Mashine nyingi hizo feni yake inazungushwa na mota ya haidroliki, na kompyuta inaipunguza kasi kwa kupeleka umeme kwenye valvu. Ukikata waya wa valvu hiyo, kwa kawaida feni inakwenda kasi yote. Klachi nyingi za feni za malori nazo zimepangwa hivyo hivyo: umeme ukikosekana, feni inashika. Mtengenezaji alifikiria siku waya utakapokatika porini, akachagua injini ipoe. Kisanduku hiki kinapindua mpango huo wote bila kukata waya hata mmoja wa feni, kwa kudanganya juu yake. Na kumbuka feni haipoozi maji peke yake. Mbele ya rejeta kuna kipoozeo cha hewa ya tabo, mara nyingi na cha oili ya gia boksi au ya haidroliki, na kondensa ya AC. Vyote hivyo vinakosa upepo kwa pamoja.

Anawauzia hata wenye malori ya zamani ambayo klachi ya feni ni ile ya mafuta ya silikoni yenye springi ya bati mbili mbele. Hiyo haisikilizi kompyuta kabisa. Springi inahisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta, inajikunja, inafungua njia ya mafuta, feni inashika. Kwenye gari kama hilo kisanduku chake hakiigusi feni hata kidogo, kinachofanya ni kushusha mshale wako tu. Mmoja wa wale wenzangu wawili ndiye aliyeuziwa hivyo. Alikuwa na klachi inayovuja silikoni, vumbi limegandia pale mbele kama matope, na badala ya kubadilisha klachi akawekewa mshale wa kumfariji. Tulimuwahi.

Kama umeshafungiwa: zima injini, iache ipoe kabisa, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto hata kidogo. Toa kisanduku, rudisha waya wa sensa ulivyokuwa, na uungwe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Usizisokote tu ncha, kwa sababu kiungio kibovu kina ohm zake na kitakurudishia uongo ule ule kwa kiwango kidogo. Kisha endesha na mzigo na usikilize feni. Ukisikia imeanza kelele tena mlimani, shukuru. Kama maji yalikuwa yanapungua bila kuvuja, usiishie hapo: mwambie fundi apime kama hewa ya silinda inaingia kwenye maji, maana gasketi inaweza kuwa imeshaanza kwenda. Na mpe dereva pole, asilaumiwe. Dereva wangu alisimama mara tu alipohisi mtetemo, na bila hivyo tungekuwa tunazungumzia injini nzima.

Kama bado hujanunua na unamwona ana maneno matamu, mwombe akuachie kisanduku dakika moja kabla hajakifunga. Weka mita kwenye ohm, shika waya wa njano na wa kijani, bila umeme wowote. Ikisoma 100, au namba nyingine yoyote inayokaa pale pale bila kutikisika, una rezista mkononi. Kitu kinachodhibiti feni kweli lazima kiwe na njia ya kuiamuru feni: waya wa kwenda kwenye koili ya klachi, au kwenye valvu, au zile waya mbili zilizosokotwa za mtandao wa gari. Hiki hakiendi popote zaidi ya sensa.

Namba aliyonipigia nayo haipatikani tena, na nimeambiwa ameshabadilisha jina la bidhaa, kwa hiyo msimtafute kwa jina. Mtambueni kwa hivi: kisanduku cha plastiki cha bluu kinachotosha kwenye kiganja, waya nne, kitaa cha kijani, stika ya kukataza kufungua, na mtu anayekataa kabisa kukifunga wakati injini ni ya moto.