Waranti ya muuzaji wa mtandaoni, inafika Mtwara?

Nimenunua TV, laptop, simu na vikorokoro vya chaji kwa wauzaji wa mtandaoni, wa Kariakoo na wa nje ya nchi, vyote vikaletwa Mtwara mjini. Kwa bei nawapa nyota nne. Kwa waranti nyota moja, na hiyo moja ni ya zile siku za mwanzo ambazo mzigo bado unarudishika. Zikipita, maneno "waranti mwaka 1" kwenye tangazo hayana uzito mkubwa kwa mtu aliye huku kusini.

Tatizo linaanzia kwenye tangazo lenyewe, kwa sababu linachanganya vitu vitatu. Kuna waranti ya chapa, inayotolewa na kiwanda na kufuata namba ya kifaa, mara nyingi na nchi kilikouzwa. Kuna waranti ya muuzaji, ambayo ni ahadi ya mwenye akaunti. Halafu kuna ulinzi wa jukwaa, yaani tovuti unayonunulia kama Amazon au AliExpress, ambao una tarehe ya mwisho. Muuzaji wa nje, asiye chapa wala jukwaa lenyewe, anaweza kukuuzia kifaa halisi kabisa, cha kiwandani, na bado kituo cha chapa kikakikataa kwa kuwa kiliingizwa nchini na mtu asiye wakala. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize kwa maandishi kwenye chati ya jukwaa: waranti ni ya nani, inahudumiwa mji gani, nani analipa nauli ya kurudisha? Akikwambia mmalizane WhatsApp, hapo ushahidi wako umeshahama.

Kwenye Amazon angalia mistari miwili, "Sold by" na "Ships from". Mzigo unaweza kutoka ghala la Amazon na muuzaji akawa mtu mwingine kabisa. Kwa muuzaji wa aina hiyo ulinzi wao wa A-to-z unakupa hadi siku 90 baada ya tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya mzigo kufika. AliExpress dirisha la malalamiko hufungwa siku 15 baada ya oda kukamilika, kwa hiyo usibonyeze kwamba umepokea kabla hujawasha na kupima. Wauzaji wa Instagram hawana dirisha lolote. Ukishatuma hela kwa simu, umebaki na utu wake tu.

Sasa umbali. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na parseli nyingi zinakuja kwa basi mpaka stendi ya Mkanaledi. Ukiwa Newala au Tandahimba, ongeza safari nyingine. Muuzaji akikupa siku saba za kurudisha, zinahesabiwa kuanzia lini? Wapo wanaohesabu tangu wakala alipoupokea mzigo, hata kama wewe hujaugusa. Masika ni balaa zaidi: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika eneo la Somanga na mizigo ikalala. Ukiagiza miezi hiyo, omba muda wa nyongeza mapema, kwenye chati, ukiwa bado na siku mkononi.

Mzigo ukifika, rekodi video moja bila kukata: lebo ya parseli, gundi zote, unafungua, namba ya kifaa kwenye boksi na kwenye kifaa, unawasha. Kwa TV hii video ndiyo kila kitu. Kioo kilichopasuka hakimo kwenye waranti yoyote niliyoisoma. Muuzaji atasema ni basi, watu wa basi watasema ni ufungaji, na kubadili kioo kunakaribia bei ya TV nyingine. Weka kwenye flashi picha za rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, zijaze skrini. Mstari au nukta iliyokufa itaonekana hapo, kwenye mpira wa jioni huioni.

Laptop ndiyo yenye uongo mwingi, na ndiyo rahisi kuipima. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili la battery-report.html inalokuonyesha lilipo. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ya kwanza ikiwa 50,000 mWh na ya pili 31,000, betri imebaki asilimia 62, na mashine iliyouzwa kama mpya haiwezi kuwa hivyo. Kama ni Dell, chini yake kuna Service Tag, mchanganyiko wa herufi na namba, jumla saba. Iingize kwenye tovuti ya Dell, itakuonyesha tarehe iliyotoka kiwandani na waranti inaisha lini. Mashine ya "full boksi" iliyosafirishwa miaka mitano nyuma ni refab, yaani iliyotumika ikakarabatiwa, basi. Piga picha ya skrini siku hiyohiyo uiweke kwenye malalamiko, maana ushahidi unaotoka kwa chapa yenyewe muuzaji hana pa kuukwepea.

Simu: piga *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na za kwenye boksi (laini mbili, IMEI mbili), kisha tuma namba hizo 15 kwenda 15090. Jibu litakutajia chapa na modeli; likitaja simu nyingine, rudisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki tarehe 16 Juni 2016, lakini jibu zuri la 15090 halisemi lolote kuhusu waranti, na watu wengi wanachanganya hapo. Kwa simu nyingi waranti huanza kuhesabiwa siku simu ilipowashwa na kusajiliwa mara ya kwanza. Kama muuzaji aliifungua "kuijaribu" miezi kadhaa nyuma, unanunua mwaka uliokwisha kuliwa. Kwa iPhone, tazama namba ya modeli kwenye mipangilio: ikianza na M iliuzwa mpya, F ni refab ya Apple, N ni ya kubadilishiwa mteja.

Kuna sababu mbili za kukataliwa ambazo pwani yetu inazikaribisha. Ya kwanza ni maji. Ndani ya tundu la laini la simu nyingi kuna kistika cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, na fundi wa kituo anamulika hapo kabla hata hajakuuliza jina. Mulika wewe kwanza siku simu inapofika, upige picha kikiwa cheupe. Ya pili ni umeme kupanda na kushuka. Kwenye bodi ya umeme ya TV, karibu na fyuzi, kuna kisahani kidogo, mara nyingi cha buluu, kinachoitwa varista. Umeme ukipanda kinapasuka na kuacha masizi, na kwa kituo hiyo ni kesi imefungwa. TV gadi, kile kifaa cha kukata umeme ukipanda, ni nafuu kuliko mabishano hayo. Vilevile soma lebo ya chaja kabla ya kuchomeka: ikisema 100-240V ni salama, ikisema 120V peke yake, ni mali ya Marekani na 230V ya TANESCO itaiua mara moja, bila waranti.

Powerbank na betri kwa muuzaji wa nje, usikubali sharti la "rudisha kwanza". Betri ya lithiamu iliyovimba au kuharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, hata kwa mizigo. Dai kurudishiwa hela kwa picha na video, uitaje sababu hiyo kwa jina lake.

Kwa muuzaji wa ndani, dai risiti ya EFD yenye modeli, na IMEI iandikwe na kugongwa muhuri. Karatasi yake inafifia kwa joto, na joto la huku mnalijua, kwa hiyo itoe kopi siku hiyohiyo. Risiti hiyo ina jina na TIN ya muuzaji, na ndiyo inayokupa mtu wa kumlalamikia Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Akaunti yenye jina la ua na picha ya gari haishtakiki.

Msimu wa korosho ofa zinamiminika kwenye simu zetu, wanajua hela iko wapi. Binafsi, laptop used nitaendelea kuagiza, kwa sababu kasoro zake nyingi napima siku ya kwanza. Flashi, kibodi na nyaya pia. TV na jokofu nachukua duka la hapa mjini hata likizidisha bei, alimradi waniwashie mbele yangu na kugonga muhuri kwenye kadi. Simu mpya nanunua kwa wakala wa chapa, mtandaoni au dukani, na namuuliza kwanza kituo chao cha karibu kiko wapi.