OpenPDF baada ya miezi minane: tulivyoiondoa iText 5 kwenye mfumo wetu wa ankara

OpenPDF ni maktaba ya Java (msimbo uliotengenezwa na wengine unaoutumia ndani ya programu yako) ya kutengeneza PDF, na iText 5 ni maktaba nyingine ya kazi hiyo hiyo. OpenPDF naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nitaieleza huko mbele.

Tuko wawili, mimi na mwenzangu, ofisi yetu ipo juu ya duka la vipuri hapa Arusha. Tunauza mfumo wa ankara na risiti kwa zahanati, hospitali ndogo na shule. Msimbo wetu hatuutoi kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe. Mteja anapewa faili moja la WAR, yaani programu ya Java ya wavuti iliyofungwa tayari, tunaliweka kwenye seva yake, na maktaba zote zimo humo humo, ndani ya folda ya WEB-INF/lib.

Mwaka jana hospitali moja ya binafsi ilikuwa karibu kusaini mkataba nasi. Mwanasheria wao, mama mtulivu sana, akaomba orodha ya kila maktaba tunayoifungasha pamoja na leseni yake. Nikajua ni kazi ya nusu saa. Nilipofika kwenye itextpdf-5.5.13.jar (jar ni faili la maktaba ya Java) mikono ikanilegea: AGPL toleo la 3.

Kwa asiyeijua leseni hii: ukimgawia mtu programu iliyojengwa juu ya maktaba ya AGPL, programu nzima inatakiwa itoke kwa masharti hayo hayo, na mpokeaji apate msimbo wake wote. Inakwenda mbele zaidi ya GPL, leseni ndugu yake, maana ukiibadilisha, hata anayeitumia kwa mtandao tu ana haki ya kuuomba huo msimbo. iText ya zamani haikuwa hivyo, ilikuwa chini ya MPL na LGPL, leseni zilizo nafuu zaidi. Ilihamia AGPL ilipotoka iText 5, Desemba 2009. Wenye nayo walikuwa na haki kamili, na asiyeyataka masharti hayo wanamuuzia leseni ya kibiashara. Kosa lilikuwa langu. Nilinakili mistari ya Maven (zana inayokuletea maktaba za Java) kutoka kwenye mfano fulani, nikafurahi PDF imetoka, sikufungua faili la LICENSE. Kwa miaka minne tuliwapa wateja kumi na mmoja kitu ambacho hatukuwa na ruhusa ya kukitoa kwa namna ile. Hilo liliniuma kuliko hofu ya kukosa mkataba.

Kununua leseni hatukuwa na bajeti. Nikaijaribu PDFBox kwa siku mbili. Leseni yake, Apache 2.0, haina shida, ila haikupangii majedwali. Kila mstari na kila neno unalipeleka mwenyewe kwa vipimo vya x na y. Ankara zetu ni majedwali matupu. Nikaiacha.

OpenPDF ilichipuka kutoka iText 4, ile ya kabla ya AGPL, na unaweza kuipokea kwa LGPL 2.1 au MPL 2.0, chaguo ni lako. Majina ya vifurushi ni yale ya zamani, com.lowagie.text, jina la ukoo la Bruno Lowagie aliyeianzisha iText. Kwetu mafaili 43 yaliguswa. Sehemu kubwa ni kubadilisha com.itextpdf kuwa com.lowagie na basi. PdfPTable, PdfPCell, PdfStamper, PdfCopy, zote zipo na zinafanya kazi tulivyozoea. Palipohitaji mkono ni rangi, kwa kuwa BaseColor ya iText 5 haipo na unarudi kwenye java.awt.Color. Na fonti: Font.FontFamily.HELVETICA inakuwa Font.HELVETICA. Siku tatu, tukakompaili bila kosa.

Nikaona tumemaliza. Mwenzangu akaniambia, "Kaka, endesha kwanza mvn dependency:tree," amri ya Maven inayoorodhesha maktaba zote, hata zilizovutwa na maktaba nyingine. Kumbe iText 5 ilikuwa bado imo! Iliingia kwa mlango wa pili, kupitia flying-saucer-pdf-itext5 tuliyoitumia kugeuza HTML ya ripoti za shule kuwa PDF. Flying Saucer wana toleo linalotumia OpenPDF, flying-saucer-pdf-openpdf, tukalichukua hilo. Kama unafanya kazi hii, usiamini pom.xml yako (faili unaloorodheshea Maven maktaba unazozitaka) peke yake. Fungua WAR iliyokwisha kujengwa, usome majina ya jar moja moja kwa macho.

Nilichokiogopa zaidi ni shule moja ya Unguja ambayo vyeti vyake vina vichwa vya Kiarabu. Herufi zikikatika au zikisomeka kinyumenyume, cheti hakifai. OpenPDF iliziunganisha vizuri, mradi maandishi yawe ndani ya seli ya jedwali yenye RUN_DIRECTION_RTL (maandishi ya kulia kwenda kushoto) na fonti ipachikwe kwa IDENTITY_H (usimbaji unaokubali herufi za Unicode). Nilipomtumia mwalimu mkuu sampuli alijibu, "Maandishi yametulia, mwanangu." Nililala usingizi.

Fonti nazo zina leseni, jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Tulikuwa tumefungasha Arial iliyotolewa kwenye kompyuta ya Windows. Tukaweka Noto Sans, na Amiri kwa Kiarabu, zote zikiwa chini ya SIL Open Font License. Noto Sans ni pana kidogo kuliko Arial, kwa hiyo kwenye ripoti moja mstari wa sahihi ya mganga ulisukumwa hadi ukurasa wa pili. Tuliliona hilo kwa kuchapa nakala ya zamani na mpya, kuzipandanisha na kuziegemeza kwenye kioo cha dirisha mchana. Tukapunguza nafasi za pembeni, likaisha.

Sasa ile nyota ya tano. Mifano mingi utakayoipata imeandikwa kwa iText 5 au 7, hivyo kila mara unatafsiri kichwani kabla ya kuandika. Tena angalia matoleo: sisi tupo kwenye 1.3 kwa sababu seva za wateja wa zamani bado zina Java 8, lakini OpenPDF 3.0 imebadilisha majina ya vifurushi kuwa org.openpdf. Ile kazi ya mafaili 43 inatusubiri tena siku tutakapopanda.

Kuhusu wajibu wako: msimbo wako unabaki wako, lakini ukigusa mafaili ya OpenPDF yenyewe, hayo uliyoyagusa unayatoa. Sisi hatukuyagusa. Ukurasa wa Kuhusu wa mfumo wetu sasa una jina la maktaba, leseni zake na mahali pa kupata msimbo wake, na jar tumeiacha faili la peke yake ili mteja akitaka aibadilishe.

Wateja wote kumi na mmoja tuliwaandikia barua tukiwaeleza kilichotokea, kisha tukawawekea WAR mpya bila malipo. Wa mwisho alikuwa Babati, tulikwenda kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi tukiwa na flashi mfukoni, maana intaneti yao siku hiyo ilikuwa imekatika.