Skana ya blututhi kwenye Fielder yangu: miaka miwili ya kuchomeka na kuchomoa

Taa ya injini iliwaka, nikalipa Sh 30,000 kupimiwa gari, nikaambiwa maneno matatu: "Sensa ya oksijeni." Kijana wa gereji alichomeka mashine yake chini ya usukani, akatazama kioo kwa muda usiotosha hata kupiga chafya, akachomoa. Nilipoomba na mimi nione, akanijibu, "Bosi, hayo mambo ya kitaalamu, wewe lete sensa." Nikaenda maduka ya vipuri ya Gerezani, nikanunua sensa iliyotumika kwa Sh 85,000. Ikafungwa, taa ikafutwa, nikaondoka nikipiga mluzi. Siku ya tatu nikiwa kwenye foleni ya Kimara, ile taa ya njano yenye umbo la injini ikarudi kwenye dashibodi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Jioni hiyo nikaamua kununua skana yangu mwenyewe, kidude cha kusoma makosa ya gari kupitia simu. Gari langu ni Toyota Corolla Fielder ya 2010, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, yaani gari ambalo Dar ukitupa jiwe utalipiga. Mimi si fundi. Najua kubadilisha oili, plagi na chujio la hewa, na hapo ndipo ujuzi wangu ulipokuwa ukiishia.

Skana ya kwanza niliipata Kariakoo kwa Sh 15,000. Ilionekana kwenye simu, ikakubali namba ya siri 1234, kisha ikakaa kimya kama mtu anayedaiwa. Muuzaji, namshukuru, hakubishana. Nikaongeza hela nikachukua nyingine ya Sh 35,000. Kwa macho zilikuwa pacha: kidude cha bluu kinachoenea kiganjani, kimeandikwa ELM327. Baadaye ndipo nikaelewa kwa nini pacha hao hawakufanana tabia. ELM327 ni jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya ELM Electronics ya Canada. Matoleo ya mwanzo hayakuwekewa kinga ya kunakiliwa, basi yakanakiliwa mpaka basi, na vingi tunavyouziwa ni nakala. Chekesho ni kwamba kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini skana yangu inajitambulisha kwa fahari kuwa ni 1.5, na inafanya kazi. Ile bubu ilijiita 2.1. Kwa hiyo namba ya kwenye boksi isikuhadae, mwambie muuzaji mjaribu kwenye gari pale pale.

Mwenye iPhone asichukue hii ya blututhi ya kawaida, haitashikana na simu yake. Atafute ya waifai au ile ya blututhi yenye alama ya LE. Ya waifai nimeijaribu kwa rafiki. Kero yake ni kwamba simu ikishika waifai ya skana, intaneti mara nyingi inakatika, kwa hiyo ukitaka kutafuta maana ya ulichokisoma inabidi ujitoe kwanza.

Kuunganisha hakuna ujanja. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16, kwenye Fielder ipo karibu na goti la dereva. Unachomeka, unawasha swichi hadi ON, unaoanisha na simu, unafungua programu. Nilianza na Torque, siku hizi natumia zaidi Car Scanner kwa sababu michoro yake inasomeka hata juani.

Sasa tuje kwenye kodi. Mafundi wanaziita hivyo hizo namba za makosa, na jina limekaa vizuri, maana ukiiona tu jua kuna pahali utalipa. Yangu ilikuwa P0171. P ni mambo ya injini na giaboksi; 0 inayofuata inamaanisha ni kodi ya pamoja kwa magari yote, si ya kampuni moja; na 171 ni kwamba mchanganyiko ni mwembamba, hewa nyingi kuliko mafuta. Nilisoma mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba sensa ya oksijeni ni mbovu. Sensa, inayopima oksijeni kwenye moshi wa egzosi, ndiyo iliyopeleka taarifa! Wahenga walisema mjumbe hauawi, mimi nilimuua kwa Sh 85,000.

Hapa ndipo skana ilipoanza kulipa deni lake, na si kwa kusoma kodi, bali kwa kuonyesha namba zinazotembea. Kuna mistari miwili inaandikwa STFT na LTFT. Ni marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu: kompyuta ya gari ikiona hewa imezidi, inaongeza mafuta, na kiasi inachoongeza kinaonekana kwa asilimia. Gari lisilo na tatizo linacheza karibu na sifuri, kupanda au kushuka hadi 10 hivi si jambo la kukunyima usingizi. Langu, injini ikinguruma tu gari limesimama, ukijumlisha mistari yote miwili ilikuwa +27. Nikakanyaga mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, nikashikilia. Namba ikashuka hadi +6.

Mpishi akiona hivyo anajua chumvi imeingilia wapi. Kama tatizo lingekuwa pampu dhaifu au chujio la mafuta lililoziba, hali ingezidi kuwa mbaya kadiri injini inavyodai mafuta zaidi. Yangu ilikuwa mbaya wakati injini inavuta hewa kidogo, ikapona ilipovuta nyingi. Maana yake kuna tundu linaloingiza hewa ya wizi baada ya sensa ya kupima hewa: injini ikiwa haina kazi, hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya chakula chake, ukikanyaga inamezwa na hewa halali.

Nikaweka simu juu ya fenda, namba zikionekana, nikaanza kubana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo nililolizungushia kitambaa. Nilipofika kwenye ule mfupi unaotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini kwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, wa vali ya PCV inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe, mlio wa injini ukabadilika na namba ikaanza kuteremka mbele ya macho yangu: 22, 15, 9. Nikauvua. Upande wa chini, usikoonekana, ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Mpira wa miaka mingi kwenye joto la injini, hauna kosa. Mpya Sh 8,000. Nilifunga mwenyewe, nikafuta kodi, haijarudi.

Jambo moja nililojifunza kwa kuumia: usifute kodi kabla hujapiga picha ukurasa wa kumbukumbu ya tukio. Kompyuta ikiwasha taa inahifadhi hali ilivyokuwa dakika ile, yaani mwendo, joto la maji, mizunguko, mzigo wa injini. Kodi yangu ya pili, P0301, ya silinda ya kwanza kukosa kuchoma, niliifuta kwa kiherehere nikapoteza kumbukumbu hiyo, nikakaa wiki nzima nikisubiri kosa lijirudie. Lilipojirudia nikahamisha koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya kwanza kwenda ya tatu, kodi ikahama nayo ikawa P0303. Basi, koili. Hapo hata fundi hakuhusika.

Ushindi wangu mkubwa kuliko yote haukuwa kwenye gari langu. Binamu alitaka kununua gari dogo la 2011 lililotoka Uingereza, linang'aa, dashibodi haina taa hata moja. Nikachomeka. Kodi: hakuna. Nikafungua ukurasa ambao wengi hawaufikii, unaoonyesha umbali gari lililotembea tangu kodi zilipofutwa. Kilomita 9. Na vipimo vingi ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe barabarani vilikuwa bado havijakamilika, kwa sababu ukifuta kodi navyo vinaanza upya. Haki yake muuzaji nilimpa, nikamuuliza kwa upole. Akasema betri imebadilishwa jana ndiyo maana. Tukafungua boneti: vichwa vya betri vimeota unga wa kijani, vumbi juu yake unaweza kuandikia jina. Tukaaga. Kwa hilo peke yake Sh 35,000 yangu imerudi na chenji.

Volteji pia inasomeka. Injini ikiwa imezimwa betri nzima huwa karibu na 12.6, injini ikiwaka tegemea 13.5 hadi 14.5. Kabla ya safari ya Tanga mwaka jana niliona 12.2 injini ikinguruma na taa zimewashwa, nikahisi skana inanidanganya, nikathibitisha kwa mita ya kawaida kwenye betri yenyewe: 12.3. Brashi za alteneta, mashine inayochaji betri, zilikuwa zimekwisha. Ningelala Chalinze.

Mabaya yake. Skana hii ya bei rahisi kwenye Fielder yangu haigusi taa ya ABS (ya breki) wala ya eabegi, inasoma injini basi. Ukiwa na taa hizo, mlipe mwenye mashine kubwa. Ukiiacha imechomekwa inanyonya betri kidogo kidogo usiku kucha. Mimi niliiacha siku nne nikiwa nimesafiri na asubuhi ya kurudi nikaomba umeme kwa jirani. Namba ya siri 1234 inajulikana na dunia nzima, kwa hiyo hiyo nayo ni sababu ya kuichomoa. Tena iko mahali ambapo goti likiteleza linaigonga, soketi ikilegea hapo umejitafutia kazi nyingine. Na maelezo ya kodi yanayotolewa na programu, usiyachukue kama orodha ya kwenda nayo dukani. Nimeshasema habari za mjumbe.

Fundi wangu wa sasa mwanzoni alikunja uso nilipofika na simu mkononi. Nilichofanya ni kuacha kumwambia ugonjwa. Namwonyesha namba, namuuliza yeye anaonaje. Tunaelewana. Siku hizi ananipigia yeye: "Bosi, ile programu yako inaonyesha joto la maji?" Inaonyesha, mzee baba.

Halafu kuna habari ya dada yangu. Ana Toyota IST ya 2004, taa imewaka, akaniita Mbagala nikiwa na sifa zangu zote. Soketi ipo, ya matundu 16 ileile, skana ikawaka taa yake nyekundu, simu ikaishika, programu ikazunguka, ikazunguka, ikasema haiwezi kuwasiliana na kompyuta ya gari. Nikajaribu mara tano. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yana soketi hiyo lakini lugha yake si ile ya pamoja. Car Scanner ina mipangilio ya Toyota za Japani, wapo wanaofanikiwa nayo. Mimi na nakala yangu ya 1.5 tuligonga mwamba. Mwenye IST, Raum au Spacio ya miaka hiyo, usinunue skana kabla hujaijaribu kwenye gari lako.

Dada akasema kuna mzee anatengeneza magari chini ya mwembe, mtaa wa pili. Tukaenda. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakusema kitu. Alichukua kipande cha waya kama urefu wa kidole, kimechunwa ncha zote mbili, akainama chini ya usukani na tochi, akaunganisha tundu namba 4 na namba 13, akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikaanza kupepesa. Mara mbili. Ikapumzika. Mara moja. Ikarudia.

"Ishirini na moja," akasema. "Twende tukaone waya wa sensa."

Tukaona: waya wa sensa ya oksijeni umelegea kwenye kishikizo, umelalia egzosi, ganda limeungua. Safari hii mjumbe mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa, lakini hata hivyo hakuhitaji kuuawa. Mzee alikata, akaunga, akafunga mkanda, akaurudisha kwenye kishikizo. Sh 10,000. Nilitaka kujaribu ule ujanja mwenyewe, akanizuia mkono kwanza: tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, ukikosea hapo utachoma kitu kitakachokugharimu kuliko gari unavyolipenda. Akanionyesha jinsi ya kuhesabu matundu, juu kushoto ndiyo moja, chini kulia ndiyo kumi na sita. Gari lisilo na kosa, akasema, taa inapepesa haraka haraka bila kupumzika.

Kisha akaomba aione skana yangu. Tukaichomeka kwenye gari la mteja wake, la 2013, ikashika mara moja, akakaa akitazama joto la maji likipanda kwenye simu, anatabasamu. Akauliza bei. Nikamwambia. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa kile kipande cha waya.

"Na hiki chukua. Chenyewe hakiulizi namba ya siri."