Duka la vifaa Marangu Mtoni kwa mkazi mgeni

Kwa yeyote anayehamia Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ninalipendekeza kwa dhati duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu na stendi ya Mtoni, kwani mama mwenye duka humuuliza mteja kwanza kiwanja chake kiko wapi, kisha humweleza kwa nini gata zifungwe kabla ya masika kuanza mwezi Machi, na kwa nini mfongo (mfereji wa maji wa Wachagga) unaopita kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, usizibwe kwa kifusi, maana majirani wa chini huutegemea kumwagilia migomba. Ushauri huo pekee una thamani kubwa. Bei ya saruji ni ya haki, ila usafirishaji ni ghali mno.