Fundi wa vigae na kisanduku cha mabomba ya moto: uzoefu wangu

Nimtendee haki kwanza. Ukuta bapa aliupiga vizuri: mistari imenyooka, na ukigonga kigae hakitoi mlio wa utupu. Kwa ukuta peke yake ningempa nyota nne. Ila kazi hasa niliyomwitia ni kile kisanduku kinachofunika mabomba ya kupasha nyumba joto, na hapo ndipo alipoboronga.

Pale kisanduku kinapokutana na ukuta pana ufa toka sakafuni mpaka juu, unaingiza ukucha. Ukipitisha kidole, grauti (ule mchanganyiko wa saruji unaojazwa kati ya vigae) inamwagika unga. Nilipomwonyesha hata hakuinama kutazama. "Nyumba yako inatitia, bosi. Mimi nilibandika vigae tu." Inatitia! Mbona ukuta wenyewe hauna hata mstari?

Bomba la shaba la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 50 hurefuka karibu milimita 2.5, likipoa linarudi. Likiwa limebana kwenye mbao, linaisukuma. Hata lisipogusa, joto linaikausha mbao nayo inasinyaa. Kisanduku kinacheza, ukuta umetulia. Kona kama hiyo haijazwi grauti hata siku moja! Unaacha nafasi ya milimita 3 hadi 5, unaisafisha, unaijaza silikoni. Ni kazi ya nusu saa, na fundi anayejiita mzoefu ameiruka.

Nikabandua vigae viwili vya chini. Plaiwudi ya milimita 9, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Mihimili ya fremu imeachana sentimita 60. Gundi ni ile ya ndoo, iliyokwisha kuchanganywa, inayokauka kwa kupoteza maji. Nyuma ya kigae kikubwa cha porselini maji hayana pa kupitia, ndiyo maana katikati ilikuwa bado laini kama siagi.

Hapo ilitakiwa bodi ya saruji ya milimita 12, fremu ya mbao kavu yenye mhimili kila sentimita 30, skrubu zisizoshika kutu kila sentimita 20, na maungio yafunikwe utepe wa wavu kabla ya kigae cha kwanza. Gundi iwe ya unga yenye alama C2 S1 kwenye mfuko. C2 ni gundi ya saruji iliyoboreshwa, na hiyo S1 ndiyo inayoiruhusu kunyumbuka kidogo bila kuachia. Mabomba yavikwe sponji, yaachwe angalau milimita 25 mbali na bodi, na joto lizimwe mpaka gundi na grauti zikomae. Yeye alibandika mabomba yakiwa ya moto, na gundi ikishika ngozi juu kabla kigae hakijakaa, haishiki tena.

Halafu valvu, ile koki ya mabomba iliyomo ndani ya kisanduku. Ameifunika valvu! Hakuacha mlango, wala kigae kimoja kilichokaa kwenye kibao cha sumaku na kuzungushiwa silikoni, ambacho ungekikata kwa kisu na kukichomoa. Siku ikivuja, ni nyundo.

Zile nyota nne nazifuta. Kwa ukuta bapa labda mwiteni, ila simameni naye na msome mfuko wa gundi kabla hajaufungua. Kwa kisanduku cha mabomba, hapana. Sasa anasema atapita kuziba ufa kwa grauti nyingine. Asije.