Hija ya Uganda kwa basi kutokea Bukoba, inalipa ila sio kwa wanachokitangaza

Wengi mnauliza kama ile safari ya hija ya Uganda inalipa. Inalipa aisee, ila tangazo la waandaaji lote ni Namugongo, Namugongo, pale mashahidi wa Uganda walipochomwa moto, picha za basilika na nguzo zake, kumbe somo lenyewe liko Munyonyo, walipohukumiwa kufa, na Munyonyo kwenye ratiba yao ni shuka piga picha panda twende.

Nianze na mabaya niyamalize. Waandaaji siwataji. Basi la AC, AC ikafia Mutukula tukiwa kwenye foleni ya hati za dharura, jua hilo na watoto wanalia. Chakula "kimejumuishwa" maana yake rolex moja ya chapati na mayai pale Lukaya na soda, ukitaka kuku wa kijiti mfuko wako. Ikweta pale Kayabwe tukakaa kuliko tulivyopangiwa kukaa Munyonyo, yani watu wanapokezana kusimama kwenye yale maduara meupe kama hawajawahi kuona saruji.

Munyonyo tulikaa kwa sababu ya pancha tu. Dereva yuko chini ya basi, sisi tukampata mama mmoja anayeongoza wageni, Kiswahili chake kina Kiganda ndani lakini kinaeleweka vizuri, akatukalisha kwenye nyasi akaanza kutuuliza maswali badala ya kuhubiri. Hawa mashahidi, vijana wa ikulu ya Mwanga, kabaka wa Buganda, mnadhani ule ujasiri waliupata wapi? Watu wote, kwa Roho Mtakatifu. Akasema sawa, ila ngojeni niwape tarehe.

Hukumu ya Mwanga ilitoka hapo Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Usiku wa kuamkia siku hiyo Karoli Lwanga, kiongozi wao, akabatiza wanne waliokuwa hawajabatizwa, Kizito akiwemo, mtoto wa kama miaka 14. Na Lwanga mwenyewe ubatizo wake ulikuwa wa juzi tu, Novemba 15, 1885, siku ileile aliyouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wao kabla yake. Sasa mtu utasema hawa ni wachanga kabisa kiimani, wametoa wapi nguvu? Ndo mama akaturudisha nyuma mpaka 1879 alipofika padre Lourdel, yule waliyemwita Mapera. Mwishoni mwa 1882 mapadre wakaondoka wakavuka ziwa kuja huku kwetu, upande wa Bukumbi Mwanza, wakarudi Julai 1885. Hapo katikati hakuna padre hakuna misa, waliojua kidogo wakawafundisha wasiojua, majumbani, na wakaongezeka! Halafu utaratibu wa kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la mapadre hao, ulikuwa mtu afundishwe miaka minne ndo abatizwe. Kwa hiyo usiku ule, akasema mama, Lwanga hakuanza kuwafundisha kusali, angeanzia wapi na kesho ndo hiyo. Aliwamwagia maji tu, mengine walikuwa nayo tayari.

Mi hapo nikakumbuka kikao cha wazazi parokiani, kila mwaka katekista anabanwa apunguze mafundisho ya kipaimara eti watoto wana tuisheni. Na sisi wakubwa ndo kabisa, novena tunaianza siku daktari ameshakunja majibu kwenye bahasha, sala hatuzijui tunasoma kwenye simu, na bando linaisha katikati. Mhubiri 12 imeandikwa wazi, mkumbuke Muumba wako siku za ujana wako, kabla hazijaja siku zilizo mbaya. Kabla. Hiyo mistari tunawasomea vijana kana kwamba sisi haituhusu.

Namugongo penyewe ni pazuri sitakataa. Basilika ina nguzo 22 za mashahidi 22 Wakatoliki, na altare iko pale Lwanga alipochomwa taratibu kuanzia miguuni. Ila nawaambia msiondoke bila kwenda kwa Waanglikana, ni kilometa chache tu, kuna sanamu za ukubwa wa mtu zinaonyesha kila kitu, vijana wamefungwa, kuni zimepangwa, wauaji wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji wa Mwanga, wamesimama. Waliwekwa hapo kama wiki nzima wakisubiri kuni zikusanywe, yani wiki nzima ya kubadili mawazo! Mbaga, mmoja wa vijana hao, alikuwa ndugu wa huyohuyo Mukajanga, akabembelezwa aseme tu ameacha kusali aende nyumbani, akakataa. Watoto wetu waliokuwa wanapigania dirisha tangu Masaka wote kimya. Na moto wa Juni 3 uliwaunguza Wakatoliki na Waanglikana pamoja, sisi leo kuingia kanisa la mwenzio mpaka uulize kwanza.

Ushauri wangu, kama unataka kujifunza usiende Juni 3, siku hiyo ni umati na vipaza sauti, nenda mwezi mwingine. Waambieni waandaaji Munyonyo ipewe asubuhi nzima na iwe ya kwanza, Namugongo ifuate, hiyo ndo njia waliyopitishwa wenyewe. Bebeni kidumu cha kuchotea maji ya lile ziwa dogo la pale Namugongo. Basi nalipatia nyota mbili, mama wa Munyonyo tano. Na kama kuna parokia inapanga kupeleka watoto wa kipaimara likizo ya Desemba mnishtue, niko tayari kusaidia kuwasimamia, ila siti ya mbele, nyuma natapika.